Uliza Tukujibu: Mtaa Mmoja, Mashirika Matatu, Majibu Matatu

Barua nyingi tulizopokea kwa toleo hili zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: kwa nini mashirika yanayokusanya taarifa za chakula na lishe hayaafikiani, na yafanye nini ili taarifa zao zimsaidie mtu wa Mukuru, Mathare au Kangemi hapa Nairobi. Msimamo wetu ni kwamba ushirikiano wa mashirika hauvunjikii kwenye mikutano mikubwa. Huvunjikia kwenye fomu: kipimo gani kimetumika, kizingiti kipi, tarehe ipi, mpaka upi wa mtaa.

Ndugu wahariri, mimi ni katibu wa kikundi cha kijamii Mukuru kwa Njenga. Mashirika mawili yamepita hapa kuuliza kaya zinakula nini. La kwanza likasema kaya nyingi zinakula vya kuridhisha. La pili likasema nyingi ziko pabaya. Maswali yalikuwa yaleyale. Nani mkweli?

Ndugu katibu, inawezekana kabisa wote wawili waliandika majibu yaleyale wakatofautiana wakati wa kupiga hesabu. Mashirika mengi hutumia kipimo cha ulaji kilichoenezwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP. Karani huuliza kila kundi la chakula limeliwa siku ngapi kati ya siku saba zilizopita, kisha siku hizo huzidishwa kwa alama za kundi. Nafaka, ndizi za kupika na viazi hupewa 2. Maharagwe, ndengu na jamii yake 3. Mboga 1, matunda 1. Nyama, samaki na mayai 4. Maziwa 4. Sukari nusu, mafuta nusu. Familia ikila ugali mchana na chapati jioni, hilo ni kundi moja na siku moja. Hakuna kundi linaloweza kuzidi siku saba.

Tuchukue kaya moja kwa mfano. Ugali siku 7, alama 14. Sukuma wiki siku 6, alama 6. Mafuta ya kukaangia siku 7, alama 3.5. Sukari kwenye chai siku 7, alama 3.5. Nyama, maharagwe na matunda hawakupata wiki hiyo. Jumla ni 27.

Je, 27 ni nzuri au mbaya? Kwa vizingiti vya kawaida, alama 21 kushuka chini ni ulaji duni, 21.5 hadi 35 ni wa mpakani, na zaidi ya 35 ni wa kuridhisha. Kaya yetu basi iko mpakani. Lakini pale ambapo watu hutumia mafuta na sukari karibu kila siku, vizingiti hupandishwa hadi 28 na 42, kwa kuwa vitu hivyo viwili peke yake huipa kaya alama 7 bila kuiongezea lishe ya maana. Kwa vizingiti hivyo, kaya ileile imeangukia kwenye ulaji duni. Nairobi, ambako sukuma hukaangwa na chai hutiwa sukari hata kwenye nyumba isiyo na kitu kingine, tunaona vizingiti vya 28 na 42 ndivyo vinavyofaa.

Sasa ongeza maziwa. Mama akiulizwa atajibu kwa ukweli wake wote kwamba wanakunywa chai ya maziwa kila siku. Karani asiyeelekezwa vizuri ataandika maziwa siku 7, yaani alama 28 zaidi, na kaya itaruka kutoka 27 hadi 55. Sasa inakula vya kuridhisha kwa kizingiti chochote. Kanuni ni kwamba maziwa machache ya kubadilisha rangi ya chai huhesabiwa pamoja na viungo, ambavyo havina alama. Vivyo hivyo kipande cha nyama au omena kidogo kilichotiwa mchuzini kwa ajili ya ladha tu. Kosa hili moja la chai linatosha kugeuza picha ya mtaa mzima.

Kwa hiyo yaombeni mashirika yote mawili yaonyeshe mambo matatu: vizingiti walivyotumia, maelekezo waliyowapa makarani kuhusu maziwa, na tarehe za kuhoji. Tarehe ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kipimo hiki kinaangalia siku saba tu. Ukihoji tarehe 3 baada ya mishahara na mwenzako akahoji tarehe 24, mmehoji miji miwili. Angalieni pia kama shule zilikuwa zimefunguliwa. Mtoto anayepata chakula cha mchana cha Dishi na County, mpango wa kaunti ya Nairobi wa chakula cha shuleni, kwa shilingi 5 hula shuleni. Shule zikifungwa, mlo huo unarudi kuwa mzigo wa sufuria ya nyumbani.

Shikamoo. Ni mhudumu wa afya ya jamii, Korogocho. Napima watoto mkono kwa utepe. Nesi wa kliniki anasema hesabu yangu ya watoto wenye utapiamlo hailingani na ya mizani yake, na baadhi ya watoto aliowapata yeye mimi sikuwapata. Napima vibaya?

Marahaba, mama. Huenda unapima vizuri sana. Utepe wa mkono na uzito kwa urefu ni vipimo viwili tofauti, na havikamati watoto walewale. Utepe huelekea kuwakamata zaidi watoto wadogo, wa umri wa mwaka mmoja hivi. Mizani na ubao wa urefu huwakamata wengine. Wote wanahitaji huduma. Kosa ni kujumlisha hesabu mbili kama kwamba ni kipimo kimoja, au kutumia moja kuikanusha nyingine.

Hata hivyo hakikisha utaratibu wako hauna dosari, kwa sababu milimita tatu zinaweza kumtoa mtoto rangi ya njano ya utepe (utapiamlo wa wastani) hadi kijani (salama). Mpime mtoto wa miezi 6 hadi 59 tu, na umri uutoe kwenye kijitabu cha kliniki badala ya kukisia. Tumia mkono wa kushoto. Kunja kiwiko, pima kutoka ncha ya mfupa wa bega hadi ncha ya kiwiko, gawanya kwa mbili na utie alama katikati. Kisha unyooshe mkono uning'inie umelegea, ndipo uzungushe utepe pale kwenye alama. Utepe uguse ngozi pande zote bila kuiminya na bila kuacha nafasi ya hewa. Soma hadi milimita. Wengi hukosea kwa kukadiria katikati kwa macho, kuvuta utepe mtoto anapolia, na kutumia utepe uliopindika kwa kuwekwa mfukoni. Ukiona daftari lako lina 12.0 na 12.5 nyingi kupita kiasi, ujue unakadiria bila kujua.

Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Kutoka 11.5 hadi chini ya 12.5 ni utapiamlo wa wastani. Halafu bonyeza sehemu ya juu ya nyayo zote mbili kwa vidole gumba kwa sekunde tatu. Shimo likibaki kwenye nyayo zote mbili, mtoto huyo ana uvimbe wa utapiamlo mkali na apelekwe kliniki siku hiyohiyo, hata kama utepe unasema kijani.

Jambo moja ambalo nesi na wewe mnapaswa kulijua: kwa miaka mingi taarifa za ukame za Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, zimekuwa zikitumia kizingiti cha sentimita 13.5 kuonyesha watoto walio hatarini. Lengo lilikuwa kuona mapema mambo yanapoanza kuharibika, na kwa lengo hilo si kosa. Lakini mtu akichukua hesabu ya 13.5 akaiweka kando ya hesabu ya 12.5, ataapa kwamba njaa imezidi maradufu. Ndiyo maana tunasisitiza: usipeleke rangi peke yake. Andika namba yenyewe, mathalani 12.3. Rangi hufungamana na kizingiti cha mtu fulani, lakini namba kila shirika linaweza kuipanga upya.

Na kwenye fomu yako weka safu ya "mpya" na "amerudi". Mtoto aliyepimwa Machi, Aprili na Mei akahesabiwa kila mara hugeuka watoto watatu kwenye ripoti ya mwisho wa robo mwaka.

Setilaiti zinaonyesha malisho mabichi. Kwa nini basi bado kuna tahadhari ya ukame? Mwanafunzi, Kasarani.

Kipimo kinachotumika sana nchini hulinganisha ukijani wa sasa na wa miaka iliyopita mahali palepale, kwa alama za 0 hadi 100. Alama 20 hadi 35 ni ukame wa wastani, 10 hadi 20 ni mkali, chini ya 10 umepindukia. Setilaiti huona kijani, wala haijui kama ng'ombe anaweza kukila. Sehemu za Baringo, Turkana, Garissa na Tana River zimejaa mathenge, mti vamizi unaobaki kijani wakati nyasi zimekauka. Ndiyo sababu wataalamu huongezea bei ya mbuzi, umbali wa kwenda kisimani na maziwa yanayopatikana nyumbani.

Nafuatilia bei soko la Kangemi kwa niaba ya kikundi cha akina mama. Shirika moja linataka bei kwa kilo, jingine kwa fungu, jingine kwa gorogoro, yaani mkebe wa kupimia nafaka. Nimechoka kuandika mara tatu.

Pole dada, na swali lako lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtu wa Nairobi hununua karibu kila anachokula, kwa hiyo bei ni dalili ya mapema kuliko utepe na kuliko ripoti yoyote ya mavuno. Lakini bei bila uzito hudanganya. Mama mboga hapandishi bei ya sukuma mvua zinapokosekana, hupunguza majani. Tuseme fungu la shilingi 20 lilikuwa na gramu 400. Hiyo ni shilingi 50 kwa kilo. Mwezi unaofuata fungu ni lilelile la shilingi 20, ila lina gramu 250. Hiyo ni shilingi 80 kwa kilo, ongezeko la asilimia 60, na kwenye fomu ya mafungu bei "haijabadilika".

Nunua mizani ndogo ya dijitali ya jikoni inayosoma gramu na kufika kilo 5. Chagua wauzaji watatu ambao utawarudia kila wiki, siku ileile na saa ileile, kwa sababu nyanya za saa tatu asubuhi na zile za saa kumi na mbili jioni hazina bei moja. Kwa kila bidhaa pima fungu moja kwa kila muuzaji. Andika safu nne: kipimo cha soko, bei uliyolipa au kuambiwa, uzito kwa gramu, na bei kwa kilo. Ukishapata bei tatu kwa kilo, zipange na uchukue ya katikati badala ya wastani, ili muuzaji mmoja wa ajabu asikuvurugie wiki nzima. Fomu hiyo moja inajibu mashirika yote matatu, kila mmoja akachukua safu yake.

Gorogoro nayo ipime tupu na ikiwa na bidhaa. Mkebe ni mmoja, lakini mahindi, maharagwe na ndengu havina uzito sawa ndani yake, na mkebe uliojazwa kwa kichuguu si sawa na uliopigwa msawazo. Ukichukua bei ya jumla kutoka kwa wauza nafaka wa Nyamakima, gawanya bei ya gunia la mahindi kwa kilo 90, na uandike wazi kwamba ni jumla. Viazi ni mtihani zaidi. Sheria inataka gunia la kilo 50, lakini lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kiasi, bado zinaingia mjini. Ukiandika "gunia" bila kupima, umeandika hewa.

Bidhaa ikikosekana sokoni, andika "haikuwepo". Usiandike 0. Sifuri ikiingia kwenye kompyuta itahesabiwa kama bei na kuvuta wastani chini wiki ileile ambayo chakula kimeadimika.

Mwaka 2023 gazeti moja liliandika Wakenya milioni 4.4 wana njaa, jingine milioni 5.4, wiki hiyohiyo. Tena sijawahi kuona Nairobi kwenye ramani hizo. Msomaji, Umoja.

Namba zote mbili zilitoka kwenye uchambuzi mmoja wa Februari 2023, na zote zilikuwa sahihi. Milioni 4.4 ilikuwa hali ya wakati ule wa uchambuzi. Milioni 5.4 ilikuwa makadirio ya Machi hadi Juni. Gazeti lililoandika makadirio kana kwamba tayari yametokea lilipotosha wasomaji, na lile lililoacha makadirio liliwanyima onyo.

Uchambuzi huo hutumia mfumo wa IPC, unaopanga hali ya chakula katika awamu tano, ya 1 ikiwa nafuu na ya 5 ikiwa maafa. Mfumo ulibuniwa mwaka 2004 kwa ajili ya Somalia na kitengo cha Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, kilichofanya kazi kutoka hapa Nairobi. Nguvu yake ni kwamba hakuna shirika linaloandika awamu peke yake: wizara, mashirika ya Umoja wa Mataifa na yasiyo ya kiserikali hukaa meza moja, kila mmoja na ushahidi wake, mpaka wakubaliane. Eneo huandikwa awamu ya 3 pale angalau asilimia 20 ya watu wake wako katika awamu hiyo au mbaya zaidi. Kwa hiyo kaunti iliyopakwa rangi ya awamu ya 2 inaweza kuwa na maelfu ya watu walio katika awamu ya 3. Rangi inasimulia eneo, wala haisemi chochote kuhusu nyumba yako. Alama ya mshangao ikiwekwa juu ya rangi, maana yake ni kwamba bila msaada eneo lingekuwa angalau awamu moja mbaya zaidi.

Kuhusu Nairobi, tathmini hizo hufanywa mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua za vuli na baada ya masika, na huzingatia kaunti 23 kame na nusu kame. Kajiado imo, Nairobi haimo. Kwa maoni yetu hilo ni pengo linalopaswa kuzibwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika kaunti hii, na asilimia ndogo tu ya idadi hiyo ni watu wengi kuliko kaunti kadhaa za ramani. Usisome utupu wa ramani kama dalili ya shibe.

Mashirika manne yanagawa pesa za chakula eneo letu. Tunataka kuunganisha orodha ili kaya moja isihesabiwe mara nne na nyingine ikaachwa. Tuanzie wapi? Afisa wa data, Kilimani.

Anzieni kwa kutotumiana orodha nzima. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka mtu ajue taarifa zake zinatumika kwa kazi gani, na zisichukuliwe zaidi ya kinachohitajika kwa kazi hiyo. Afya ya mtu ni taarifa nyeti, na data ya mtoto inahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Orodha ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Karatasi ya idhini iliyosema "kwa matumizi ya shirika letu" haikuruhusu kuwapa wengine. Itabidi mrudi kwa wenyewe.

Majina hayafai kuunganishia. Mtu yuleyule ni Wanjiku kwenye orodha moja, jina la ubatizo kwenye nyingine, na "Mama Brayo" kwa balozi wa nyumba kumi. Simu hubadilishwa, au ni ya jirani. Namba ya kitambulisho ndiyo yenye kuaminika zaidi, lakini isisafiri wazi. Wengi hudhani wakiifumba kwa fomula ya kompyuta wamemaliza. Hawajamaliza: namba ya tarakimu nane ina uwezekano usiozidi milioni mia moja, na kompyuta ya kawaida itazijaribu zote kwa muda mfupi na kuifumbua. Ongezeni neno refu la siri kabla ya kufumba, lijulikane na mtu mmoja mmoja tu katika kila shirika, na libadilishwe kila zoezi. Linganisheni misimbo tu, kisha kila shirika lirudi kwenye orodha yake kukagua zilizogongana.

Wekeni pia njia ya asiye na kitambulisho. Asipowekewa njia, atafutwa na mfumo uliotengenezwa kumlinda. Na msimwondoe mtu kwa sababu kompyuta imesema amejirudia, mpaka aliye mtaani amfikie. Nyumba moja Mathare inaweza kuwa na kaya mbili zinazopika kando.

Nimepewa kazi ya kuyaleta pamoja mashirika ya lishe katika kaunti ndogo. Mikutano ya awali iliishia kwenye chai na picha. Tufanye nini tofauti? Afisa wa lishe, Embakasi.

Mkutano wa kwanza usijadili matokeo. Uwe wa karatasi moja tu: kila shirika lijaze linakusanya nini, wapi, mara ngapi, kwa kipimo kipi, kizingiti kipi, na nani hasa anayeshika faili. Mtagundua mara moja mitaa inayohojiwa na watu watatu na mitaa isiyohojiwa na yeyote.

Kisha malizeni suala la mipaka, ambalo Nairobi ni gumu kuliko kwingine. Sensa ya 2019 iligawa kaunti hii katika kaunti ndogo 11. Maeneobunge ni 17, na ofisi nyingi hufanya kazi kwa maeneobunge. "Embakasi" ya sensa si Embakasi Kusini wala Embakasi Magharibi. Mukuru yenyewe imekatwa: kwa Njenga na kwa Reuben ziko Embakasi Kusini, Viwandani iko Makadara. Mtu akigawa watoto wa eneo moja kwa idadi ya watu wa eneo jingine, asilimia itakayotoka haina maana yoyote. Tumieni wadi, 85 kwa kaunti nzima, na kila rekodi iwe na jina la wadi kutoka kwenye orodha ya kuchagua, wala si la kuandika kwa mkono.

Baada ya hapo kubalianeni tarehe. Tunapendekeza data ifike tarehe 5 na taarifa ya kurasa mbili itoke tarehe 10, kila mwezi, hata kama shirika moja halijaleta. Nafasi yake iachwe wazi ikiwa na jina lake. Nafasi tupu yenye jina humsukuma mtu kuliko barua tano za kumkumbusha. Na data ije kwenye jedwali linalohesabika. Ripoti iliyofungwa kwenye picha ni njia ya kuonekana umeshiriki bila kushiriki.

Siku ya kuchambua, hapo ndipo vikundi vingi hukosea. Kliniki inasema hali ni nzuri, mtaa unasema ni mbaya, na mwenyekiti anapendekeza "tuchukue katikati". Msifanye hivyo kamwe. Wastani wa namba mbili zinazopima vitu viwili ni namba ya tatu isiyopima chochote. Ulizeni kwanza kwa nini. Kliniki huhesabu waliofika tu. Wahudumu wakigoma au dawa zikiisha, watoto hupungua kwenye daftari wala si mtaani. Andikeni uamuzi wenu, ushahidi unaouunga mkono, na ule unaoupinga, kwenye ukurasa uleule. Anayesoma baadaye ataweza kuupima mwenyewe. Ushahidi pia uwekewe daraja: umekusanywa lini, kwa sampuli au kwa kukisia, na unahusu eneo lenyewe au la jirani.

Mwisho wekeni maandishi ya nani afanye nini namba ikifika wapi, kabla haijafika. Mpango wa Kitaifa wa kunusuru kaya na njaa huko kaskazini, HSNP, umewahi kutumia kipimo cha setilaiti tulichokitaja hapo juu: ukame ukifika daraja la mkali, kaya za ziada huongezewa malipo bila kusubiri mjadala mpya. Nanyi mnaweza kufanya hivyo kwa kiwango chenu. Mathalani, watoto wapya wenye utapiamlo mkali katika wadi wakizidi kiwango mlichokubaliana kwa miezi miwili mfululizo, shirika fulani linatuma timu ya kupima mtaa mzima ndani ya siku kumi, na bohari ya dawa inaongeza vyakula tiba. Tazameni yaliyotokea Somalia: maonyo yalianza kutolewa 2010. Njaa kuu ilitangazwa Julai 20, 2011. Utafiti uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba watu wapatao 258,000 walikufa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, zaidi kidogo ya nusu yao watoto chini ya miaka mitano, na wengi walishakufa kabla ya tangazo. Taarifa zilikuwepo. Kilichokosekana ni watu waliojifunga mapema kuzifanyia kazi.

Ukatibu uubakize kwenye ofisi ya kaunti, hata kama shirika lenye pesa linajitolea kuubeba. Mradi huisha na mratibu wake huondoka na nywila.

FEWS NET, mtandao wa kutoa maonyo ya mapema kuhusu njaa, ilipozimwa tulibaki gizani. Itatokea tena? Mtafiti, Ngong.

Chombo chochote kinachotegemea mfuko mmoja kinaweza kuzimwa. FEWS NET ilianzishwa na Marekani mwaka 1985, ikazimwa mwishoni mwa Januari 2025 fedha za Marekani ziliposimamishwa, ikarejea baadaye mwaka huo. Waliotegemea kiungo cha tovuti walipoteza mfululizo wa data. Waliopakua faili waliendelea kufanya kazi. Kwa hiyo kila mwezi pakueni majedwali mnayoyategemea, myahifadhi kwenye diski mbili zilizo ofisi tofauti, na kando ya kila faili muweke maelezo ya kila safu, kipimo chake na tarehe ya kupakua. Mara moja kwa mwaka mpeni mtu ambaye hakuzikusanya azifungue na kurudia hesabu moja ya zamani. Akishindwa kupata jibu lilelile, maelezo yenu hayajakamilika, na muda wa kuyakamilisha ni wakati aliyekusanya bado yuko kazini.